Mtoto asiye na wa kumsemea: kutengwa kunavyofungua mlango wa ukatili wa kingono

Shule nyingi za sekondari za kata nchini Tanzania zilijengwa baada ya mwaka 2004, na lengo lilikuwa kila kata iwe na yake. Kata ya kijijini ina vijiji kadhaa vilivyotawanyika, na mara nyingi bweni hakuna. Mtoto aliyefaulu darasa la saba akapangiwa shule ya mbali ana njia tatu: atembee, apande bodaboda, au apange chumba karibu na shule. Chumba hicho wanafunzi hukiita geto. Ndani kuna godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa, unga uliotoka nyumbani, na mlango ambao kufuli lake linafungia nje tu, kwa ndani kuna msumari uliopindwa. Mpangaji ana miaka 14. Unga ukiisha tarehe 20, na mzazi hana nauli ya kuleta mwingine mpaka mwisho wa mwezi, hapo katikati zinabaki siku kumi. Makala haya yanahusu siku hizo kumi, na watu wanaojua kuzihesabu.

Umaskini peke yake haumweki mtoto hatarini. Wapo watoto wa kaya maskini sana ambao hakuna anayethubutu kuwagusa, kwa sababu bibi yuko mlangoni na kaka wanne wako kijiweni. Ukitaka kumjua aliye hatarini, jiulize maswali matatu. Akipotea leo jioni, nani atagundua kabla ya kesho asubuhi? Akisema jambo, nani atamwamini? Akimkasirisha mtu anayemlisha, atalala wapi? Maswali hayo huangukia watu walewale kila mara: mwanafunzi wa geto, dada wa kazi aliyeletwa mjini bila simu, yatima anayezungushwa kwa ndugu, mtoto kiziwi ambaye nyumbani hakuna anayeijua lugha ya alama, mvulana anayelala stendi, na binti aliyezaa akiwa shuleni, ambaye mtaa umeshaamua yeye ni mtu wa aina gani.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 nchini Tanzania uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kenya ilipofanya utafiti wa namna hiyo mwaka 2010 ilipata asilimia 32 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Uliporudiwa mwaka 2019, takwimu zilikuwa asilimia 15.6 na 6.4. Zinashuka, kumbe, pale watu wanapozifanyia kazi.

Mhalifu anavyoingia

Ukitaja ukatili wa kingono, wengi hufikiria mtu asiyejulikana, kichakani, usiku. Hutokea. Lakini kesi zinazofika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi zimejaa watu wenye jina na salamu zao: mwenye duka, dereva wa kila siku, mjomba, mwalimu, mwenye nyumba. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kutumia nguvu akishampata mtoto asiye na wa kumsemea.

Huanza na kitu kidogo kinachohitajika kweli. Lifti kipindi cha mvua. Pakiti ya pedi. Vocha. Sahani ya chipsi mayai kwa mtoto aliyekula ugali na mlenda siku tano mfululizo. Hadai chochote. Wiki ya pili anamwita “mchumba” kwa utani, mbele za watu, na watu wanacheka. Hapo alikuwa anawapima majirani. Wakicheka, ameshajua kwamba siku mtoto atakapolalamika, hao hao watasema “si mlikuwa mnataniana?”

Halafu linakuja deni. Bodaboda ya Sh 1,000 kwenda na Sh 1,000 kurudi, kwa siku 20 za masomo, ni Sh 40,000 kwa mwezi. Mtoto hakuwahi kuzijumlisha, maana aliambiwa ni msaada. Mwenzake alikuwa anajumlisha. Siku binti anapokataa kupitia nyumbani kwake, hesabu inatolewa nzima, pamoja na tishio la kuipeleka kwa baba.

Baada ya deni, siri. Anampa simu na kumwambia aifiche, kwa kuwa shule nyingi zinamwadhibu mwanafunzi akikutwa nayo. Sasa wana siri moja ya pamoja, na siri ya pili inakaa juu ya ile ya kwanza bila shida. Picha ikishatumwa kwenye simu hiyo, deni linaweza kusahaulika kabisa, picha inatosha.

Hatua inayosahauliwa na wengi ni ile ya kumkata mtoto na waliobaki. Rafiki zake, anaambiwa, wana wivu. Mwenye nyumba anadokezwa kwamba “yule binti ana mambo mengi”. Mwalimu wa nidhamu anasikia fununu. Kwa hiyo mtoto akifikia kusema, sifa mbaya imemtangulia ofisini.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampeni moja ya redio nchini Tanzania ilimpa mtu huyu jina, Fataki, na jina likabaki midomoni. Kenya wanamwita sponsa. Majina haya yalisaidia, ila yaliacha picha ya mzee mwenye kitambi na gari, na kijana wa miaka 24 mwenye pikipiki akapita katikati yetu bila kutazamwa. Upande wa pili kuna maneno mabaya zaidi, yale ya binti “kuchuna buzi”, yanayomgeuza mtoto wa miaka 15 kuwa mfanyabiashara aliyekaa mezani kupatana bei.

Shuleni njia ni fupi zaidi. “Peleka haya madaftari nyumbani kwangu.” Sentensi hiyo, ikisemwa na mwalimu anayeishi peke yake kwa mwanafunzi mmoja aliyechaguliwa, inatakiwa kuwa marufuku iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Madaftari yabebwe na mwalimu. Kudai ngono kwa kutumia cheo ni rushwa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, inayosimamiwa na TAKUKURU, na mwanafunzi akiwa chini ya miaka 18, kujamiiana naye ni kosa kubwa zaidi kuliko rushwa. Kinachoharibu ni huruma ya wakubwa: mwalimu anahamishwa kimyakimya, anaripoti shule nyingine akiwa safi, na mkuu wa huko hajui amepokea nini.

Kwa dada wa kazi, kutengwa ni sehemu ya mkataba, ingawa mkataba wenyewe haupo. Shangazi wa mbali au dalali anamtoa kijijini, mshahara “unatunzwa” na tajiri, mtaa haumjui kwa jina, na analala sebuleni au chumba kisicho na kitasa. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008 haidai kuvuka mpaka: kumtoa mtoto kijijini hadi mjini ili anyonywe kunatosha, na ridhaa ya mtoto haihesabiki. Mzazi anayeruhusu binti aondoke aache kwa mtendaji wa kijiji jina kamili la mwajiri, namba yake, mtaa, na picha ya kitambulisho chake. Wapange siku ya kupigiana simu, na swali la kawaida lenye maana yao wawili. “Yule mbuzi mweusi ameshazaa?” linaweza kuulizwa mwajiri akiwa amesimama pembeni, na mama akajua la kufanya.

Wavulana

Mvulana hutengwa kwa namna nyingine: anaambiwa jambo kama hilo haliwezi kumpata. Anayelala stendi au sokoni hulala karibu na wakubwa kwa ajili ya ulinzi, na ulinzi una bei. Wa nyumbani hukutana nalo kwa binamu mkubwa, bwenini, madrasa au kwenye kambi ya michezo. Sheria ya Tanzania Bara inaeleza kubaka kama kosa linalofanywa dhidi ya mwanamke au msichana, hivyo kesi ya mvulana hufunguliwa kwa kosa la kuingiliwa kinyume na maumbile, na adhabu yake aliyefanyiwa akiwa mtoto ni kifungo cha maisha. Tatizo ni kwamba kijana wa miaka 16 anajua kifungu hicho humgusa hata anayekubali kuingiliwa, na anaogopa kwamba atatoka kituoni yeye ndiye mshtakiwa. Anayempokea aanze kwa kumwambia waziwazi kwamba yeye ni mtoto na hana kosa. Halafu amwache apumue.

Adhabu kubwa, midomo mizito

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwani sheria ni kali sana na kesi zinazofika mwisho ni chache.

Kanuni ya Adhabu, kama ilivyobadilishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inasema kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, akubali asikubali, na kifungo hakipungui miaka 30. Aliye chini ya miaka 10, ni maisha. Kuna mwanya mmoja, nao ni ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya Serikali mwaka 2019. Mwaka huo huo wa 2016, mabadiliko ya Sheria ya Elimu yaliweka miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikachukuliwa kuwa ushahidi wa kosa hilo. Shule ziliwapima wasichana mimba. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Msimamo huo uliondolewa Novemba 2021, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaruhusu kurejea.

Kwa miaka hiyo yote familia ilikuwa na hesabu rahisi. Binti akimtaja mhusika, mhusika anaweza kwenda jela miaka 30, na shule ya binti imekwisha vilevile. Kumtaja hakumrudishii chochote. Mjumbe anakuja usiku na ahadi ya ng'ombe au fedha za matunzo, na kadiri adhabu ya mahakamani ilivyo kubwa ndivyo bei ya kunyamaza inavyopanda. Ndiyo maana mabinti walisimama kizimbani wakasema “simjui”. Wale waliolalamika kwamba wasichana ni waongo hawakuwa wameitazama hesabu waliyopewa. Kuyamaliza kifamilia hakuna nguvu yoyote kisheria: kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na mzazi hana mamlaka ya kuisamehe. Anayepokea fedha ili shahidi apotee naye ametenda kosa.

Saa 72

Mtoto anaposema, mara nyingi husema robo tu ya jambo, kwa mtu ambaye hakutegemewa: mpishi wa shule, kondakta, mama wa jirani. Aliyesikia asimwite mtuhumiwa “aje ajieleze”, wala asimuulize mtoto kwa nini hakupiga kelele. Mwili ukishtuka huganda, na sauti haitoki. Hilo si kukubali. Maswali yanayohitajika ni machache: nani, wapi, lini, unaumia wapi sasa. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni kwa kilugha, pamoja na tarehe na saa. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utamwambia nani, na kwa nini.

Namba 116 ni ya watoto na ni ya bure, Tanzania, Kenya na Uganda. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Ikiwezekana asioge wala asibadilishe nguo. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo. Kila nguo ifungwe peke yake kwenye gazeti au bahasha ya kaki, kwa sababu mfuko wa nailoni hushika unyevu na ushahidi unaoza ndani yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu; zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi hadi saa 120, navyo ni bora mapema. Huongezwa tiba ya magonjwa ya zinaa, na chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa ambaye hakuwahi kuipata.

Mambo huharibika siku ya tano. Kichefuchefu kimeanza, na nyumbani wengine hawatakiwi kujua vidonge ni vya nini, basi vinawekwa kabatini. Amezeshwe baada ya chakula, na mtu mmoja aliyechaguliwa ahesabu vidonge kila jioni. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, aulizwe mhudumu kama dozi irudiwe.

Fomu ya polisi, PF3, hutolewa bure. Polisi huanza kuijaza na daktari humalizia. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Amana jijini Dar es Salaam na Mnazi Mmoja kule Unguja, zina askari, daktari na afisa ustawi chini ya paa moja, na mtoto hazungushwi kusimulia mara nne. Kenya kuna fomu ya P3 na nyingine ya hospitali ya huduma baada ya kubakwa, na matibabu hayasubiri ripoti ya polisi. Saa 72 zikiwa zimepita, bado kuna mimba ya kupimwa, majeraha, magonjwa na ushahidi wa mdomo ambao hauozi.

Kuhusu simu: isifutwe kitu. Ihifadhiwe pamoja na chaja yake, namba ziandikwe, ikabidhiwe polisi. Picha ya mtoto akiwa uchi isisambazwe hata “kwa ushahidi” kwenye kundi la wazazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina msamaha kwa mwenye nia njema.

Kesi zinapoanguka

Nyingi huanguka kwa mambo ya kawaida kabisa. Umri haukuthibitishwa: kila mtu mahakamani alimwona kuwa ni mtoto, lakini hakuna aliyeleta cheti cha kuzaliwa wala mzazi kuapa alizaliwa lini. Kuandikwa kwenye hati ya mashtaka hakutoshi. Cheti, kadi ya kliniki au rejista ya shule itafutwe wiki ya kwanza, kabla ndugu hawajagawanyika. PF3 ilipokelewa ila haikusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa, ikaondolewa kwenye kumbukumbu. Mtoto alichelewa kumtaja mtu, na mahakama huona kutaja mapema ni dalili ya ukweli. Hapo mwendesha mashtaka anatakiwa kumuuliza sababu ya kuchelewa, ili tishio la kuuawa au kufukuzwa nyumbani liingie kwenye ushahidi.

Na lugha. Mtoto wetu hufundishwa kutotaja. Atasema “alinifanyia tabia mbaya” au “alinifanyia matusi”. Wakili wa utetezi atauliza tabia mbaya ni ipi, maana kutukana nako ni tabia mbaya. Katika baadhi ya hukumu Mahakama ya Rufani imeikubali tafsida, ikitambua malezi na mila. Hata hivyo ni salama zaidi afisa ustawi ampe mtoto uhuru wa kutumia neno lolote, au mwanasesere wa kuonyeshea, bila kumwekea maneno mdomoni. Ushahidi wa mtoto peke yake, mahakama ikiuamini, unatosha kumtia mtu hatiani.

Baada ya hapo

Kutengwa kwa pili huja baada ya ripoti. Mtuhumiwa akipewa dhamana anarudi mtaani, na binti ndiye anayehamishwa kwa shangazi “apumzike”. Huko hana rafiki, hana shule, na ameanza upya kuwa mtoto asiye na wa kumsemea. Akihamishwa, uhamisho wa shule uandikwe siku hiyo hiyo, na afisa ustawi wa alikotoka ampigie wa anakokwenda. Vipimo vya VVU hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3, tarehe ambazo hupotea kirahisi mtoto akibadilisha wilaya. Aliyejifungua ana miaka miwili ya kurejea shuleni, na mara nyingi kinachomkwamisha ni nani atakaa na kichanga kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 9, kuliko waraka wenyewe.

Kwa watoto wa geto, kamati ya ulinzi ya kata haihitaji mradi kuanza. Inahitaji daftari la mistari. Jina la mwanafunzi, chumba kilipo, jina la mwenye nyumba, namba ya mzazi, kama komeo la ndani lipo, na mwanamke gani wa jirani anapita jioni. Safu ya mwisho, ambayo matroni huijaza kila Ijumaa, ni ya unga: umebaki wa siku ngapi.